Lubumbashi: Vijana wanajenga tovuti za wengine, zao ziko wapi?

UCHAMBUZI. Mtu anayetaka kusoma leo historia ya Lubumbashi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi hahitaji kwenda Kamalondo wala Katuba. Anafungua tovuti ya Uholanzi. Humo atakuta maandishi ya André Yav, aliyekusanya mwaka 1965 kumbukumbu za maboyi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu, kwa niaba ya chama cha watumishi hao wa zamani. Aliyaita « Vocabulaire de ville de Elisabethville », kwa jina ambalo mji wetu ulikuwa nalo hadi mwaka 1966. Yalipigwa kwa mashine, yakarudufiwa, yakapita mkononi kwa watu wachache.

Tovuti hiyo inaitwa Language and Popular Culture in Africa, na sehemu yake yenye maandishi yetu ni Archives of Popular Swahili. Waliyoianzisha ni watu wawili: Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Vincent de Rooij, mtaalamu wa lugha aliyechunguza Kiswahili cha Katanga. Mbali na Yav, wameweka humo mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi kwa picha zipatazo 100 na kuzieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Kuna pia mazungumzo ya mwaka 1974 na mganga Kahenga, ambayo Fabian aliyaandikia kitabu kizima mwaka 2008.

Ukiitazama kwa macho ya fundi, tovuti hiyo haina kitu cha ajabu. Ni kurasa nyepesi za maandishi, zilizopangwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Amsterdam. Hakuna video wala programu ya simu. Kazi ya namna hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa informatiki hapa kwetu anaiweza.

Kwa hiyo tusiseme kwamba Lubumbashi imekosa ujuzi. Inayokosekana ni desturi ya kuwa na tovuti yako mwenyewe na kuitunza miaka na miaka, pamoja na wenzako wa kukutana nao ili kazi isife.

Ujuzi upo

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na shule ya juu ya informatiki ESIS Salama hutoa vijana wanaojua kujenga tovuti. Makundi ya wajenzi wa programu nayo yapo, kama GDG Lubumbashi, tawi la mtandao wa dunia unaosaidiwa na Google. Wengine hujifunza wenyewe, usiku, kwa simu, wakati mega ni za bei nafuu.

Vijana hao wanapewa kazi na maduka, mashule, makanisa na kampuni zinazohudumia migodi. Mteja analipa, tovuti inafunguliwa, kijana anahamia kazi nyingine. Lakini ukimwuliza anuani yake mwenyewe, mara nyingi atakupa nambari ya WhatsApp au jina lake la Facebook. Ni kama fundi mwashi anayejengea watu nyumba Ruashi na Kampemba, huku yeye akilala chumba cha kupanga.

Kupanga si kosa. Facebook na WhatsApp zinawafikia watu wengi, hazidai malipo ya kila mwaka, na kila mtu anajua kuzitumia. Anayeuza vitenge au kutangaza msiba hahitaji tovuti. Tatizo linaanza pale kitu tunachotaka kibaki miaka 20 kinapowekwa mahali ambapo mwenye nyumba ni mwingine, na sheria za nyumba anazibadilisha yeye.

Nyumba za kupanga hufungwa

Mifano haikosekani. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilikuwa mtaa mkubwa wa tovuti binafsi duniani. Oktoba 2009 Yahoo iliufunga, na sehemu iliyopona ilipona kwa sababu watu wa kujitolea walikimbilia kuinakili. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki na picha zilizowekwa kwake kwa takriban miaka 12 zilipotea katika kuhamisha kompyuta. Mwaka huohuo Google ilifunga mtandao wake wa Google+.

Hapa kwetu upotevu hauna hata tangazo. Picha ya babu akiwa na kofia ya Union Minière inawekwa kwenye status ya WhatsApp, na baada ya saa 24 imeondoka. Masimulizi ya mama mmoja wa Kenya kuhusu mwaka 1992, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga, yanatumwa kwa sauti katika kikundi cha familia. Simu ikiibwa au ikiharibika, na hakuna aliyeweka nakala, yameisha.

Hata anuani ya nchi nzima inaweza kufa. Zamani, kila nchi ikipewa herufi zake mbili kwenye intaneti, sisi tulikuwa na .zr, kwa sababu nchi iliitwa Zaïre. Mei 1997 jina la nchi lilibadilika, na mwaka huohuo ikaletwa .cd. Ile ya zamani iliondolewa kabisa mwaka 2001. Aliyekuwa na anuani ya .zr na hakuhama, barua zake na kurasa zake hazikupatikana tena, ingawa yeye hakufanya kosa lolote.

Kwa hiyo tovuti yako mwenyewe nayo si kaburi la zege. Hata ile ya Amsterdam imebadilisha anuani mara kadhaa katika maisha yake. Tofauti ni kwamba mwenye tovuti ana mafaili yake mkononi. Seva ikifungwa, yaani ile kompyuta inayowaka usiku na mchana kuwapa wasomaji kurasa, anayachukua mafaili na kuyaweka kwingine. Kwenye Facebook unaondoka na kumbukumbu zako ikiwa tu kampuni imekuruhusu, na kwa namna iliyopanga yenyewe.

Bei, umeme na kadi ya benki

Kwa nini basi vijana hawafanyi hivyo? Sababu ya kwanza inayotajwa ni pesa, na inafaa kuihesabu vizuri. Anuani inayoishia na .com hugharimu takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Mahali pa kuweka kurasa nyepesi panaweza kupatikana bure: GitHub Pages inatoa huduma hiyo tangu mwaka 2008, na Neocities tangu mwaka 2013. Kwa hiyo gharama ya mwaka mzima si kubwa kuliko mega ambazo kijana wa mjini hununua kwa mwezi mmoja au miwili.

Kizuizi chenyewe ni namna ya kulipa. Kampuni nyingi zinazouza anuani ziko nje ya nchi na zinataka kadi ya benki, na vijana wengi wa Lubumbashi wanaweka pesa zao kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kijana anamwomba mjomba mwenye kadi, au analipa kupitia mtu wa kati. Mwaka unapita, mjomba amehama Kolwezi, hakuna anayekumbuka kulipa, na anuani inarudi sokoni. Tovuti nyingi za hapa zimekufa kifo hicho, si kwa sababu mwenyewe alichoka.

Sababu ya pili ni umeme. SNEL ikikata, kompyuta inazimika na kazi inasimama. Ila tovuti iliyokwisha kupandishwa kwenye seva haizimiki pamoja na mtaa wako. Sababu ya tatu ni bei ya intaneti yenyewe. Wakaaji hawajasahau tozo ya RAM, iliyoanza mwaka 2020, ambapo unite zilikatwa kwenye simu hadi kufikia dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G. Malalamiko yalikuwa mengi, na tozo hiyo ikaondolewa mwaka 2022.

Bei ya intaneti ndiyo inayoipa tovuti ndogo nguvu. Ukurasa wa maandishi ulioandikwa kwa mkono unaweza kuwa na uzito wa kilobaiti 20 au 30. Video ya dakika moja hupita uzito huo mara mamia. Msomaji wa Pweto au Kasenga, mwenye mtandao dhaifu na mega chache, anaufungua ukurasa wa maandishi bila kuhesabu vidole.

Habari ya Ruashi inayopitia Ulaya

Kuna jambo jingine ambalo wajenzi wa tovuti wa hapa hulizungumzia wao kwa wao, na ambalo wasomaji wengi hawalijui. Lubumbashi ina kituo cha kubadilishana intaneti kiitwacho LUBIX, kama vile Kinshasa ilivyo na KINIX na Goma GOMIX. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kampuni za intaneti zinaunganisha nyaya zao mahali pamoja mjini, ili ujumbe kutoka kampuni moja kwenda nyingine usizunguke kwanza nje ya nchi kabla ya kurudi. Inapunguza gharama na inaongeza mwendo.

Lakini kituo hicho kinasaidia tu ikiwa kile unachokisoma kiko hapa. Tovuti ya shule ya Kampemba ikiwekwa kwenye seva ya Ujerumani au Marekani, mzazi wa Kampemba anaisoma kwa kupitia ng'ambo, hata kama shule iko mita 300 na nyumba yake.

Suala hilo linakuwa zito siasa inapochafuka. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu siku 20. Huko Goma na Bukavu, waliokuwa na uwezo walitumia laini za simu za Rwanda. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, shirika la NetBlocks linalofuatilia mitandao liliripoti kwamba X na TikTok zimezuiwa nchini.

Tusidanganyane: intaneti ikikatwa yote, tovuti binafsi nayo haionekani kwa aliye ndani ya nchi. Lakini serikali inapofunga mtandao mmoja au miwili tu, wale walioweka kila kitu kwenye huo mtandao wananyamazishwa siku moja, na wenye anuani zao wanaendelea kusomwa. Anayeandika habari za mji, za bei ya unga au za barabara ya Kasumbalesa, anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya siku yenyewe kufika.

Arusha 2007: kukutana kulizaa nini

Hapo ndipo suala la kukutana linapoingia. Tovuti ya mtu mmoja hufa mtu huyo akipata kazi, akioa au akihama. Inayodumu ni ile yenye wenzake wanaoisoma, wanaouliza kwa nini haijaongezwa kitu, na wanaojua pa kupata neno la siri mwenyewe akiugua.

Mfano wa karibu unatoka Kenya. Katikati ya miaka ya 2000, wakili Ory Okolloh alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit, na Erik Hersman alikuwa na yake, White African. Juni 2007 wote walikuwa Arusha, Tanzania, kwenye mkutano wa TED ambako wenye blogu wa Afrika walionana ana kwa ana. Miezi sita baadaye Kenya iliwaka moto baada ya uchaguzi. Mwanzoni mwa Januari 2008 Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba watu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine waliitikia, na katika siku chache Ushahidi ikawa hewani. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, programu hiyo ilitumika kukusanya taarifa za vita vya Kivu. Mwaka 2010 watu walewale walifungua iHub, jumba la wajenzi wa programu mjini Nairobi.

Hakuna aliyewalipa waanzishe blogu zao. Walikuwa wanapenda kuandika na kujenga. Kwa kuwa walikwisha kufahamiana, siku ya shida walijua nani anaweza nini.

Kongo nayo imejaribu. Cédric Kalonji, mwandishi wa Radio Okapi, alifungua Congoblog mwaka 2005 na kuonyesha maisha ya kila siku ambayo magazeti hayakuyaona. Mwaka 2016 ilikuja Habari RDC, kwa msaada wa shirika la Uholanzi RNW Media, ikiunganisha vijana wenye blogu kutoka miji kadhaa, Lubumbashi ikiwemo. Miradi hiyo imewafunza wengi kuandika. Lakini mradi una mfadhili, na mfadhili ana kalenda yake. Kikundi cha wapenzi wa kazi, kinachokutana kwa hiari, hakina tarehe ya kwisha.

Mikutano ya informatiki mjini mwetu mara nyingi ina msemaji mbele, picha ukutani, na wasikilizaji wanaopiga selfi. Kuna mtindo mwingine. Tangu mwaka 2013, katika miji mbalimbali ya dunia, wenye tovuti binafsi hukutana katika vikundi viitwavyo Homebrew Website Club. Hakuna mhadhara. Kila mmoja anafungua tovuti yake, anaonyesha alichoongeza tangu mkutano uliopita, anasema palipomshinda, na wenzake wanamsaidia palepale. Aliyekuja bila tovuti anaondoka akiwa ameanza. Jina lao walilichukua kwa kikundi cha California cha mwaka 1975, ambako wapenzi wa kompyuta walionyeshana mashine walizojitengenezea, waanzilishi wa Apple wakiwa miongoni mwao.

Sisi mtindo huo tunaujua kwa njia nyingine: ni likelemba. Tofauti ni kwamba badala ya pesa tu, kila mmoja analeta kazi, na zamu ikifika ni kazi yake inayotazamwa na wote.

Sheria inasema nini

Anayefungua tovuti ajue pia kwamba hayuko porini. Sheria ya Dijitali, Ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inahusu kila anayechapisha kwa njia ya kompyuta. Kifungu chake cha 360 kinaadhibu kuanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya faranga za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya adhabu hizo. Watetezi wa uhuru wa habari wanaona hatari katika kifungu hicho, na kesi ya mwandishi Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, imewafanya wengi waogope.

Kwa mwenye tovuti ndogo, maana yake ni hii: andika unachoweza kuthibitisha, weka nakala ya ushahidi wako, omba ruhusa kabla ya kuweka picha au sauti ya mtu. Sheria hiyohiyo inamtetea pia, kwa sababu inalinda taarifa za watu na inaadhibu anayeingia kwenye kompyuta ya mwingine kwa hila.

Pa kuanzia

Serikali ina kazi yake. Kampuni za hapa zinazouza anuani za .cd zikipokea malipo ya simu bila usumbufu, kizuizi cha kadi kitapungua. Vyuo vikiwapa wanafunzi nafasi ndogo kwenye seva iliyounganishwa na LUBIX, kurasa za mji zitasomwa bila kuvuka bahari. Lakini vijana hawalazimiki kungoja hayo.

Kikundi cha watu kumi kinatosha, na darasa moja lenye umeme Jumamosi mchana. Kila mmoja afungue ukurasa wake. Anuani iandikwe kwa jina la mwenyewe, si la mjomba. Tarehe ya kulipa ijulikane na angalau wenzake wawili. Mafaili yawekwe mahali patatu: kwenye seva, kwenye kompyuta, na kwenye USB ya mwenzake. Kila ukurasa utumwe pia kwenye Internet Archive, ambayo tangu mwaka 2001 inaruhusu yeyote kusoma nakala za kurasa za zamani.

Na cha kuandika? Maandishi ya Yav yanatoa jibu. Hakufuata sarufi ya Zanzibar wala ya shule. Aliandika kama watu walivyosema, maneno mengine yakiunganishwa na mengine yakikatwa, kiasi kwamba Fabian alimhitaji Kalundi Mango, Mkongo mwenye Kiswahili hicho, ayasome kwa sauti ndipo maana itoke. Kwenye tovuti yako hakuna mhariri wa kukukataza Kiswahili cha Katuba. Unaweza hata kuweka maandishi na sauti pamoja, jambo ambalo mashine ya Yav haikuweza.

Wazee waliofanya kazi Union Minière na baadaye Gécamines wanazidi kupungua. Waliocheza na kikundi cha Mufwankolo, waliouza sokoni Kenya, waliopanda treni ya SNCC wakati bado inafika kwa saa yake, nao vilevile. Kazi ya kwanza ya kikundi kama hicho inaweza kuwa kwenda kwao na simu mkononi, kuomba ruhusa, kurekodi, na kuandika. Kazi ya pili ni kuwaandikia watu wa Amsterdam na kuomba kuweka nakala ya maandishi ya Yav hapa Lubumbashi, kwenye seva ya Lubumbashi, ili mjukuu wa boyi aliyesimuliwa humo ayasome bila kuvuka mpaka.